Ngoma Inenayo, Mluzi Usemao

Mwanzoni mwa 1877 Henry Morton Stanley alikuwa akiteremka Mto Kongo pamoja na Waungwana, watu wa pwani aliowaajiri Unguja. Chini ya maporomoko ya Boyoma, karibu na Kisangani ya leo, ngoma zilikuwa zikiwatangulia. Vijiji ambavyo havijawatia machoni tayari vilikuwa na habari zao, na mara nyingi vikiwangoja kwa silaha. Watu wa pwani walizijua ngoma za kuita watu. Kwao mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ila jambo lenyewe utaliuliza ukifika. Ngoma za mtoni zililitaja jambo lenyewe. Stanley baadaye aliandika kwamba kwa aliyefunzwa, ngoma hizo zilieleweka sawa na maneno ya kinywa.

Miaka mingi ilipita kabla ya mgeni kukaa chini na kujifunza zilivyosema. John Carrington, mmisionari Mwingereza, alifika Kongo mwaka 1938 na kuishi Yakusu, kwa Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa mtoni. Siku moja alikwenda kijiji cha Yaongama bila kumwambia mtu, akakuta mwalimu, mganga na waumini wamekwisha kukusanyika kumpokea. Kitabu chake juu ya ngoma hizo kilitoka mwaka 1949, na mpaka leo sijui kazi iliyowatendea haki wapigaji kuliko hiyo, kwa sababu Carrington alianza kwa kujifunza lugha yao.

Ngoma yenyewe, ambayo Wakongo wengi huiita lokole, haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba, mdomo mmoja wa mwanya ukitoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini. Sauti mbili zinatosha, kwa kuwa lugha ya Walokele, kama lugha nyingi za Kibantu, ina toni mbili zinazobeba maana. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, ndiyo maana sikio letu hulipita jambo hili bila kulisikia. Carrington alitoa mfano: *alambaka boili* ikitamkwa kwa toni fulani ni "alitazama ukingo wa mto", toni zikibadilishwa, mtu huyo amemchemsha mama mkwe wake. Mpigaji hupiga toni za sentensi, na msikilizaji huisikia sentensi.

Lakini konsonanti na irabu zote zimebaki kinywani. *Songe*, mwezi, na *koko*, kuku, yote ni toni mbili za juu. Kwenye gogo hayatofautiani hata kidogo. Hapa ndipo ufundi wa wazee ulipojitokeza. Hawakupiga neno peke yake. Mwezi uliitwa mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu, na kuku akawa kuku, yule mdogo aliaye kiokio. Kila kitu kilipewa fungu lake la maneno, na kila mtu jina lake la ngoma. Ujumbe ulirefuka mara nyingi kuliko usemi wa kawaida, na wageni waliusifu kama ushairi. Ni ushairi kweli, lakini kila neno la ziada lina kazi: linaondoa shaka kwa msikilizaji aliye kilomita kadhaa mtoni.

Afrika Magharibi ilipita njia zake. Wayoruba wana toni tatu, na ngoma yao, dundun, imekazwa kwa kamba ambazo mpigaji huziminya kwa mkono ili sauti ipande na kushuka pamoja na sentensi. Waakani wa Ghana hupiga atumpan, jozi ya ngoma, moja ya juu na moja ya chini. Mpigaji wa ikulu alipaswa kuijua historia ya ukoo wa mfalme, maana ndiye aliyeisema. Mbali kabisa, huko Amazon, Wabora hupiga manguaré, magogo mawili mawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hata muda kati ya pigo na pigo hufuata mpangilio wa irabu na konsonanti. Ukimya nao unasema.

Wenye watumwa walioogopa ngoma walikuwa na sababu. Mwaka 1739 watumwa waliasi kando ya Mto Stono huko South Carolina, wakiandamana kwa ngoma, na sheria ya mwaka uliofuata ikapiga marufuku watumwa kutumia ngoma na pembe.

Mluzi una njia nyingine, na unaweza kusema hata lugha isiyo na toni. Katika kisiwa cha La Gomera, Visiwa vya Canary, wachungaji hupigiana mluzi wa Kihispania kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili. Ulimi hufuata umbo la irabu: *i* hupanda, *o* hushuka, na konsonanti hukata au kuuvuta mlio. Wakulima wa Kuşköy, katika milima ya Uturuki iliyo karibu na Bahari Nyeusi, hufanya hivyo kwa Kituruki. Wamazateki wa Oaxaca, Meksiko, hupiga mluzi wa toni za lugha yao, na George Cowan aliandika mwaka 1948 jinsi wanaume walivyofanya mazungumzo mazima bila kufungua kinywa kwa neno.

Carrington aliona mwisho wa ngoma ukija. Wavulana wa shule hawakujifunza tena hata majina yao ya ngoma, na habari hiyo inaniuma kuliko zote alizoandika, kwani lugha yenyewe ilikuwa hai midomoni mwao. Kuşköy wanailaumu simu ya mkononi. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mluzi wao katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. La Gomera walitangulia. Tangu 1999 mluzi ni somo shuleni, na wazee walioujua tangu malishoni wakaitwa darasani kuwa walimu.