Mawese, buloko na mikunjo ya uso



Kuko mazungumzo yanayorudi kila mara kati yetu vijana. Mtu anamaliza lisansi, ana miaka 26 ao 27, siku moja anajiangalia kwenye kioo, anaona vimistari pembeni ya macho. Kesho yake anaanza kuulizia krema. Wasichana wanauliza wazi, siye wanaume tunauliza chini chini, lakini ulizo ni lile lile: namna gani ngozi ya uso ibakie laini, yenye kuvutika na kurudi, bila mikunjo ya mapema? Simchekelei mtu. Siku ya kuomba kazi, uso ndio unaingia mbele ya diploma.

Ila mimi niko mtu wa agronomi, na nikisoma maandishi madogo nyuma ya kopo la krema, ninaona shamba. Ninaona Kwilu, ninaona Yangambi. Ninaona pia buloko moja ya Marekani. Namna vitu hivyo vilikutana ndani ya kopo moja ndiyo historia ninataka kuandika leo, juu ni historia yetu pia, na watu wengi wanaipakaa kila asubuhi bila kuijua.

Kwanza ngozi yenyewe, kwa ufupi. Ukivuta ngozi ya mtoto, inarudi mahali pake mara moja. Kazi hiyo inafanywa na nyuzi za aina mbili zilizo chini ya ngozi ya juu: kolajeni, inayoshikilia ngozi isilegee, na elastini, inayoirudisha kama kauchu. Miaka inapunguza nyuzi hizo. Jua linazikata mbio zaidi kuliko miaka. Sigara nayo inasaidia kuharibu. Mengine yote tutakayosema yanazunguka hapo.

Sasa twende kwenye sabuni. Muingereza William Lever, mtoto wa muuza vyakula wa Bolton, alianza kuuza sabuni yake Sunlight katika miaka ya 1880. Mwaka 1888 alianza kujenga kijiji kizima cha wafanyakazi wake, Port Sunlight. Mwaka ule ule alisafiri Marekani, na kwa mtengenezaji mmoja wa sabuni wa Philadelphia, Frank Siddall, akanunua haki ya kutumia tangazo moja. Tangazo lilikuwa ulizo tu: kwa nini mwanamke anaonekana mzee mapema kuliko mwanaume? Jibu la Lever lilikuwa kwamba kazi ngumu ya kufua ndiyo inamzeesha mama, na Sunlight ingemuokoa. Muangalie vizuri ile akili. Zaidi ya miaka 130 imepita, na matangazo tunayoona kwenye simu zetu yanafanya vile vile: yanakutia woga wa kuzeeka, kisha yanakuonyesha dawa. Mushike pia jina la Philadelphia, tutarudia huko.

Sabuni nyingi za zamani zilitegemea mafuta ya ng'ombe na ya kondoo. Lever aliweka mafuta ya mimea kwa wingi, na kadiri biashara ilivyokua, akaanza kuogopa kwamba mafuta yatamkosea ao bei itapanda. Akaomba ardhi kubwa katika makoloni ya Uingereza ya Afrika ya Magharibi. Serikali yake mwenyewe ikamukatalia. Ubeleji ilikuwa imepokea Kongo toka kwa Leopold mwaka 1908, jina likiwa limechafuka juu ya kauchu ya damu, nayo ikitafuta tajiri mwenye sifa nzuri. Wakapatana. Tarehe 14 Aprili 1911 ikatiwa sahihi mapatano yaliyozaa Huileries du Congo Belge. Kompani ilipewa miduara mitano kwenye karte, kila muduara na nusu kipenyo ya kilometa 60, ili ndani yake ichague mpaka hektari 750,000. Leverville, ndiyo Lusanga ya leo pale Kwilu. Alberta, ndiyo Ebonda. Elisabetha, ndiyo Lokutu. Brabanta, ndiyo Mapangu. Flandria, ndiyo Boteka. Wazee wa huko bado wanayajua majina yote mawili. Mwaka 1912 sabuni iliyotengenezwa na mawese ya kwanza ya Leverville ilipelekwa kwa mfalme Albert ndani ya kisanduku cha pembe ya tembo.

Hapa niseme kama agronomo: wakati huo kompani haikuwa na mashamba makubwa ya kupanda. Ilitegemea ngazi za pori. Maana yake, mtu anazungusha mukaba kwenye kiuno na kwenye muti, anapanda muti murefu na upanga, anakata kichala, anashuka, anaenda kwa mwingine. Wamama na watoto wanabeba ngazi kichwani mpaka kituoni. Nani anakubali kazi hiyo kila siku kwa malipo madogo, wakati ana shamba lake? Wachache. Ndiyo maana watu walishurutishwa. Wachifu walibanwa watoe watu, kodi ilisukuma wengine, fimbo ikamalizia. Mubeleji Jules Marchal, aliyefanya kazi katika utawala wa koloni kabla ya kugeuka mwanahistoria, alichimba makaratasi ya serikali na mwaka 2001 akatoa kitabu kizima juu ya kazi ya lazima katika mawese ya Lever. Si maneno ya kijiweni. Yako kwenye arshivi.

Ilipofika shida ya uchumi ya 1929 na 1930, bei ya ngazi ikaanguka lakini kodi ikabakia. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu wakaasi. Afisa mumoja wa Kibeleji, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi la Force publique likajibu, na Wapende zaidi ya 500 wakauawa. Lever mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1925, akiwa na cheo cha Lord Leverhulme. Kompani yake ilikuwa tayari imeungana na Waholanzi wa majarini, muungano wa 1929 uliozaa Unilever. Na mwaka 1987 Unilever ilinunua Chesebrough-Pond's, wenye Vaseline na Pond's. Ndivyo nyumba ile ile iliyouliza kwa nini mwanamke anazeeka mapema ikafika kwenye meza ya krema.

Kisha iko Yangambi. Siwezi kupita hapa mbio, munisamehe. Mwaka 1933 Wabeleji walianzisha INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo, na Yangambi, pembeni ya muto, si mbali na Kisangani, ikawa makao yake makubwa. Kwenye ngazi kuko aina ya dura, yenye gamba nene ndani ya tunda, na pisifera, isiyo na gamba, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba unene wa gamba unatawaliwa na jeni moja tu: ukizalisha dura na pisifera, unapata tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi, maana yake mafuta mengi kwenye tunda lile lile. Wote waliosoma ufugaji wa mimea walikutana na jambo hilo kwenye mutihani. Leo mashamba makubwa ya Malezia na Indonesia yamejaa tenera, na damu ya Yangambi iko ndani ya mbegu zao. Nchi hizo mbili zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia. Siye, tuliokuwa shule yao, tunaagiza mawese toka inje. Unilever iliuza mashamba yake ya hapa mwaka 2009, na kompani iliyoyanunua ilifilisika mwaka 2020.

Sasa tuchukue kopo. Tafuta neno lenye palmit ndani yake. Asidi ya palmitiki ilipewa jina toka kwa mawese, na kwenye mawese yenyewe inafika kama asilimia 44 ya asidi zote za mafuta. Kwenye krema nyingi za mikunjo utakuta retinili palmitati: hiyo ni vitamini A iliyofungwa na asidi ile. Glicerini, inayoshika maji kwenye ngozi, nayo mara nyingi inatoka kwenye mafuta ya mimea, na ilikuwa ikibakia kwa wingi wakati wa kupika sabuni.

Na vitamini A? Hapa kuko kichekesho kidogo. Mawese mekundu ya kwetu ni mekundu juu ya karoteni: miligramu 500 mpaka 700 ndani ya kilo moja. Mswisi Paul Karrer alionyesha muundo wa karoteni mwaka 1930 na wa vitamini A mwaka 1931, akapata Nobel mwaka 1937. Mwili wetu unabadilisha karoteni ya chakula kuwa vitamini A. Lakini kiwanda hakipendi rangi. Kinasafisha mafuta mpaka yanakuwa meupe, karoteni inakufa humo, kisha mwishoni mtu anaongeza vitamini A iliyotengenezwa laboratwari na kukuuzia kwa bei ya vitu vya Ulaya. Sisemi mujipakae mawese usoni, muende bilo mukiwa wekundu kama mbilimbi ya pilipili. Karoteni iliyopakwa si dawa ya mikunjo iliyothibitishwa. Kwenye sombe, ndiyo, iko mahali pake.

Iliyothibitishwa ni ndugu mwingine wa vitamini A: asidi ya retinoiki, ao tretinoini. Retinili palmitati ya kwenye makopo inapaswa kubadilika mara kadhaa ndani ya ngozi mbele ifikie hali hiyo, ndiyo maana nguvu yake ni ndogo. Na historia ya tretinoini inaturudisha Philadelphia.

Tangu 1951 mpaka 1974, munganga wa ngozi Albert Kligman, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alifanya majaribio ndani ya buloko ya Holmesburg, katika muji ule ule. Wafungwa wengi walikuwa weusi. Wengine walikuwa bado hawajahukumiwa, walikosa tu pesa ya kutoka. Walilipwa pesa kidogo ili migongo yao ijaribiwe sabuni, losheni, marashi, hata dioksini na vitu vya jeshi. Hawakuelezwa vizuri wanapakwa nini. Tretinoini ni moja ya vitu vilivyopitia kwenye kazi ya Kligman. Mwaka 1971 ilikubaliwa Marekani kama dawa ya chunusi. Wamama waliotibiwa chunusi wakaanza kusema kwamba ngozi yao imekuwa laini, mistari imepungua. Mwaka 1988 wanganga wa Michigan walitoa jaribio la wiki 16 kwa watu 30, na mikunjo midogo ilipungua kweli. Watu wakajaa kwenye farmasi. Mwaka 1995 krema yake ikakubaliwa rasmi kwa ajili hiyo. Inafanya kazi kwa kusukuma ngozi itengeneze kolajeni mpya na kuzuia ile iliyopo isikatwe.

Kligman na chuo chake walipata pesa nyingi. Wafungwa kama 300 walishitaki mwaka 2000. Mahakama ikasema muda umepita. Kligman akafa mwaka 2010. Muji wa Philadelphia uliomba msamaha mwaka 2022.

Ukiweka Kwilu na Holmesburg pembeni kwa pembeni, unaona mafuta ya krema na dawa ya krema vyote vilipitia kwenye migongo ya watu waliokosa uwezo wa kukataa. Mimi sioni kwamba basi tutupe kopo. Tretinoini ni dawa nzuri, lakini ni dawa: munganga anaandika, inatumika usiku, inafanya ngozi iogope jua, na mwanamke mwenye mimba haigusi. Ninachokataa ni kijana wa Kongo kuuziwa makopo kwa woga wa zamani wa Siddall, wakati kinachokata kolajeni yake kinajulikana na kuzuilika bure. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la wanganga lilitoa picha ya shofa wa kamyo wa Marekani, mwenye miaka 69, aliyeendesha miaka 28. Upande wa kushoto wa uso, wa dirisha, ulikuwa umekunjamana kama wa mzee mwingine kabisa. Kioo kilipitisha mionzi. Mashofa wetu wanaopanda toka Uvira kwenda Bukavu wanakaa upande ule ule wa dirisha. Melanini yetu inatulinda sana, ndiyo maana mikunjo yetu inachelewa, lakini tunaishi karibu na ekweta, na Kivu iko juu, mahali mionzi inaongezeka. Kofia pana si ya mulimaji peke yake.

Na kuko kopo moja ambalo ningelitupa leo leo. Zile krema za sokoni za kuchubua, zinazofanya uso ung'ae ndani ya wiki moja, mara nyingi ziko na klobetasoli ao betametasoni. Hizo ni dawa kali za munganga, si mapambo. Zinazuia ngozi isitengeneze kolajeni. Ngozi inakuwa jembamba kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, kidonda kinachelewa kupona, na mama anayefanyiwa operesheni anashonwa kwa shida juu ngozi haishiki uzi. Mtu ananunua ujana, anapewa uzee kwa miaka michache. Majina hayo mara nyingi yameandikwa nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo, karibu na lile neno la mawese.