Kalulu wa Unyanyembe na Hadithi Wazipendazo Vijana

Wazee wengi hulalamika ya kwamba kijana wao, akipewa kitabu cha hesabu, husinzia kabla hajafunua ukurasa wa tatu. Walakini akipata kitabu cha hadithi ndefu, ile iitwayo riwaya, mafuta ya taa yakwisha naye hajalala. Wengine hudhani ni uvivu, wengine hudhani ni upuuzi wa ujana utakaopita. Sisi twaona kwamba iko sababu, nayo yaweza kuchunguzwa kama tuchunguzavyo jambo lo lote la kale. Tena hatuna haja ya kwenda ng'ambo kuitafuta. Yapatikana papa hapa Tabora, katika njia ya zamani ya misafara, kwa maana miongoni mwa hadithi za kwanza zilizoandikwa makusudi kwa ajili ya vijana, na kutaja nchi hizi zetu, iko moja iliyotokana na mtoto aliyetolewa zawadi katika Unyanyembe mwaka 1871.

Kabla ya kumtaja mtoto huyo, yafaa tuikumbuke njia yenyewe. Ilianza pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo penye kiu na hongo, ikafika Unyanyembe; na hapo ikagawanyika, moja kwenda Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika, na moja kwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari. Stanley mwaka 1871 alitumia siku 84, wala hakuacha kujilinganisha na wale waliomtangulia. Lakini Wazungu hao na Waarabu wenye mali wasingalifika mahali po pote bila mabega ya Wanyamwezi. Burton aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoea kubeba pembe ndogo za ndovu tangu utotoni, kana kwamba kazi hiyo imo katika damu yao. Na kijana aliyekwisha kukua, asiyewahi kufika pwani, alichekwa na wenziwe, tena akina dada hawakumhesabu kuwa mwanamume kamili.

Basi fikirini, wasomaji wetu, jinsi mambo yalivyokuwa. Kijana aaga kwao, ajitwisha mzigo wa ratili 70, amfuata kirangozi mwenye ngoma na bendera, akaenda katika nchi ambazo lugha zake hazijui. Huko hakuna baba wa kumkanya wala mama wa kumwekea chakula. Aona bahari. Aona wenzake wengine wakifa kwa ndui, wengine wakitoroka usiku. Kisha arudi na nguo za marekani na kaniki, na nguo hizo zachakaa mwaka ule ule, lakini maneno aliyorudi nayo ayasimulia hata uzeeni.

Ushahidi mwingine wa jambo hili ni masimulizi ya Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao karibu na Tabora. Aliyatunga kwa Kiswahili, nayo yakapigwa chapa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hatumsifu kwa matendo yake, maana njia aliyoipita Manyema ilijaa machozi. Ila tazameni aanzavyo: alipokuwa na miaka 12 alianza safari ndogo ndogo, na alipopata miaka 18 akaenda na baba yake bara, Unyamwezi. Habari za kunyonya na kucheza hazimo. Maisha yake, kwa hesabu yake mwenyewe, yaanza siku aliyotoka nyumbani. Wala si yeye peke yake ahesabuye hivyo. Kila kijana wa umri huo hudhani kwamba bado hajaanza kuishi, na kwamba mahali fulani mbele ya njia maisha yanamngoja.

Sasa twaja kwa yule mtoto. Mwaka 1871 Stanley alikuwa amekwama Tabora. Alikuwa ametumwa na gazeti la Marekani kumtafuta Livingstone, lakini Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Stanley akajitia vitani pamoja na Waarabu, nao wakashindwa vibaya. Ndipo alipokusudia kuzunguka kwa upande wa kusini. Katika siku hizo za kungoja, Mwarabu mmoja alimpa zawadi ya mtumwa mdogo, mvulana aliyetoka nchi ya Lunda. Jina lake, kwa jinsi Stanley alivyolisikia na kuliandika, lilikuwa Ndugu M'hali, nalo akalifasiri kuwa mali ya ndugu. Stanley hakulipenda. Akawauliza watu wake wamchagulie jingine, na mmoja akasema Kalulu, kwa kuwa mtoto alikuwa mwepesi na mwenye macho maangavu kama mtoto wa paa. Basi akaletewa maji katika chombo cha bati, akapewa jina jipya mbele ya watu kwa mfano wa ubatizo, ingawa padri hakuwapo wala sala haikusomwa. Kama mtoto mwenyewe aliulizwa, kitabu cha Stanley hakisemi.

Kalulu alifuata safari mpaka Ujiji, akarudi, akapelekwa Uingereza na Marekani. Akapigwa picha pamoja na bwana wake katika nyumba ya mpiga picha London, naye amesimama nyuma kama mtumishi. Akatiwa shuleni Uingereza miezi 18. Na mwaka 1873, Kalulu angali mtoto wa shule, Stanley akatoa kitabu kiitwacho *My Kalulu, Prince, King and Slave*. Katika dibaji alisema wazi kwamba amewaandikia wavulana, na kwamba ataka wajue uovu wa biashara ya watumwa.

Hadithi yenyewe, kwa kifupi, ni hii. Selim, kijana wa Kiarabu wa Unguja, aingia bara katika msafara. Msafara wavunjwa vitani, naye Selim, aliyezoea kuhudumiwa, awa mtumwa. Kalulu, ambaye kitabuni ni kijana wa ukoo wa kifalme wa Watuta, amhurumia, wakachanjana wakawa ndugu. Kalulu apata ufalme, aupoteza, akimbia msituni pamoja na mwenzake, na mwisho naye ashikwa na kuuzwa. Wazee wa Tabora na Kahama wanaowakumbuka Watuta kwa habari za babu zao, kwamba ndio waliosaidiana na Mirambo katika vita, watacheka kusikia kwamba mtoto wa Lunda amefanywa mfalme wao. Stanley alijua fika kwamba si kweli. Mbona basi alifanya hivyo?

Alifanya kwa sababu alijua vijana wataka nini. Kijana wa miaka 14 au 15 akaa nyumbani ametumwa maji, ametumwa ng'ombe, akisema neno barazani aambiwa anyamaze. Moyoni mwake yeye ajua kwamba ni mtu, ila hakuna aonaye. Mwambie hadithi ya mfalme aliyevaa vitambaa vya mtumwa, asiyetambuliwa na mtu, na hutahitaji kumweleza maana yake. Aielewa kabla hujamaliza. Rider Haggard alitumia kamba ile ile katika kitabu chake cha mwaka 1885, ambacho alikitoa kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, kikatoka mwaka 1929. Humo yumo Umbopa, mtu aombaye kazi ya utumishi katika safari ya Wazungu watatu, kumbe ndiye mrithi wa kiti cha nchi waiendeayo. Twaamini kwamba kijana mwana wa mpagazi, akisoma kitabu kile, hakuyashika sana mambo ya almasi; alimshika Umbopa.

Jambo la pili ni kuwaondoa wazee. Neno hili huwakera wazazi, lakini ni kweli. Mwaka 1929 kilitoka pia *Kisiwa chenye Hazina*, hadithi ya Stevenson, nacho kilifasiriwa na Johnson. Humo kijana Jim afiwa na baba yake mwanzoni kabisa. Selim abaki peke yake bara. Maana baba akiwapo, ndiye atakayeamua, na hadithi itakuwa yake. Kijana hataki baba yake afe, hasha! Ataka tu aone, kwa muda wa kurasa mia mbili, ni nini angefanya mwenyewe. Ndiyo maana mahali papendwapo kuliko pote katika kitabu cha Jim si penye mapigano, bali ni pale alipojificha ndani ya pipa la matofaa akayasikia mashauri ya wakubwa waovu. Mtoto asiyesemeshwa na mtu ndiye ajuaye siri ya wote. Na maisha ya wenzake merikebuni yategemea atakalolitenda.

Ya tatu ni rafiki. Vitabu vya wakubwa hueleza sana habari za ndoa. Vya vijana hueleza urafiki, nao ni urafiki wa damu, wa kufa na kuzikana. Hapa Stanley aliona vema, kwa maana kuchanjana ilikuwa desturi halisi ya njia ile, watu wa makabila mbalimbali wakiapiana ili wapite salama.

Wasichana, kwa bahati mbaya, hawakukumbukwa sana katika vitabu hivi vya kale. Nao husoma, pengine kuliko kaka zao, lakini imewabidi kuazima njia za wavulana.

Sasa turudi kwa Kalulu wa kweli, maana habari yake haikuishia kitabuni. Mwezi wa Aprili 1874 alikuwapo London Livingstone alipozikwa. Mwaka ule ule Stanley akatoka tena Bagamoyo kuivuka Afrika, naye Kalulu akaenda pamoja naye. Mwaka 1876 walifika Ujiji, na watu wengi wakaanza kutoroka kwa hofu ya nchi za Manyema. Miongoni mwa waliotoroka alikuwa Kalulu. Stanley aliliandika jambo hilo kwa uchungu, akikumbusha kwamba kijana huyu alimpeleka Ulaya na Marekani, akamsomesha. Kalulu alifuatwa, akakamatwa, akarudishwa. Alitaka kwenda wapi? Hakuna aliyemwandikia maneno yake. Ila nchi ya Lunda iko ng'ambo ya ziwa lile, na mwenye kuitazama ramani hawezi kuacha kuwaza. Tarehe 28 Machi 1877, katika maporomoko ya mto Kongo, mtumbwi aliokuwamo ulichukuliwa na maji, akafa pamoja na wenzake. Stanley akayapa maporomoko hayo jina lake.

Sisi twasema bila kuficha: habari hii ni bora kuliko ile ya kitabu. Yule wa kitabu ni mfalme kwa kuwa mwandishi hakuamini kwamba vijana wa kwao wangemlilia mtoto wa hivi hivi. Huyu wa kweli aliitwa kwa jina asilolichagua, akavishwa, akafundishwa, akapendwa kwa namna fulani, kisha usiku mmoja akaamua neno moja lililokuwa lake mwenyewe. Hilo ndilo vijana walitafutalo katika hadithi zote tulizozitaja, nalo Stanley alikuwa nalo mkononi asilione. Kwake lilikuwa utovu wa shukrani.

Waandishi wa kwetu walichelewa kuishika njia hii, lakini waliishika. James Mbotela alitoa *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934, akisimulia waliotekwa bara hata wakaokolewa baharini na kupewa makao Freretown karibu na Mombasa. Wako wamlaumuo kwamba aliwasifu mno Waingereza, nasi twakubali. Lakini wazee wake mwenyewe walikuwa miongoni mwa watu hao, na kijana asomaye huhisi kwamba aambiwa habari za jamaa. Baadaye sana, mwaka 1994, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza *Paradise*, nacho kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, mwaka 2022. Humo yumo Yusuf, mwenye miaka 12, aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kwa ajili ya deni. Amwita tajiri kwa jina la udugu, mpaka mwenzake amweleze kwamba hapana udugu hapo. Aenda bara na msafara, aona wapagazi wakifa na mali ikinyang'anywa. Yamo yote tuliyoyasema: wazazi wameondolewa, rafiki yupo, hatari ipo. Kilichokosekana ni ule ufalme uliofichwa. Yusuf si mwana wa sultani, wala hatakuwa.

Na mwisho wake huwagombanisha wasomaji vijana. Askari wa Kijerumani wapita mjini wakikamata watu; Yusuf ajificha, waondoka, yu salama. Ndipo atazama huku na huku, kisha akimbia kuwafuata wale wale. Baadhi ya vijana husema ni mpumbavu, ametoka utumwa huu kuingia ule. Wengine husema hapana, hilo ndilo jambo la kwanza alilolifanya bila kuamriwa na mtu. Tumewasikia wakibishana hivyo mpaka kengele ikalia, na walipotoka nje walikuwa wangali wakibishana.