Masahihisho kwa njia ya posta

Mwaka 1840 Uingereza ilishusha gharama ya barua hadi peni moja, na posta ikawa nafuu hata kwa karani wa kawaida. Isaac Pitman, mwalimu wa mjini Bath aliyebuni mfumo wa hatimkato, aliidaka fursa hiyo. Wanafunzi wake walinakili aya za Biblia kwa hatimkato na kumtumia kwa posta azisahihishe. Vitabu vya hatimkato viliuzwa dukani. Mtu wa kukuonyesha ulipokosea hakuuzwa dukani.

Chuo Kikuu cha London, kilipowafungulia mitihani watahiniwa wa nje mwaka 1858, kilichukua nusu tu ya somo la Pitman. Kilitunga mitihani na kutoa shahada. Kufundishwa ilikuwa shauri lako mwenyewe.

Waliolielewa somo zima ni Open University, chuo kikuu huria cha Uingereza. Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, alipolinadi wazo la chuo hicho mwaka 1963 alikuwa na ndoto ya chuo kikuu cha hewani, na hata leo wengi hukumbuka zaidi maprofesa waliofundisha kwenye televisheni ya BBC saa ambazo watu wa kawaida wamelala. Lakini wanafunzi wa kwanza wapatao 24,000, walioanza Januari 1971 bila kudaiwa vyeti vya kuingilia, hawakubebwa na televisheni. Walibebwa na wakufunzi wa muda, kila mmoja na kundi lake, waliosoma kazi zao na kuzirudisha zikiwa na maelezo. Palikuwa na vituo vya masomo karibu na makazi yao, na juma zima la kukutana wakati wa kiangazi. Gharama kubwa, naam, ila ndiyo iliyofanya kazi.

Tanzania nayo ilikuwa na ushahidi wake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikutoa shahada yoyote, lakini ilifikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vijitabu. Wasikilizaji walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kipindi kikiisha mjadala ulianza, kisha majembe yakashikwa na vyoo vikachimbwa. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja.

Ajabu ni jinsi intaneti ilivyosahaulisha haya yote. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig wa Stanford walitoa bure kozi ya akili bandia, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Waliomaliza walikuwa kama 23,000: si haba, ila wengi mno waliachwa njiani. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha San José State, California, kilijaribu kozi za Udacity, kampuni ya Thrun, zikiwemo za hisabati za msingi. Katika mkupuo wa kwanza waliofaulu walikuwa wachache kuliko wenzao wa darasani, na chuo kikasitisha mpango huo kwa muda. Waliojikwaa zaidi ni wale waliohitaji kushikwa mkono.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kilianza na wanafunzi ambao wengi walikuwa kazini tayari, walimu na watumishi wa serikali, na vitabu vya kozi vya karatasi. Leo masomo yake yako kwenye mtandao, lakini vituo vya mikoa havikufungwa. Mwanafunzi wa Rukwa bado ana ofisi ya chuo mkoani kwake.