Mutombo na Russell: Tatizo la Kuwalinganisha Wachezaji wa Mpira wa Kikapu wa Vizazi Tofauti

Utangulizi

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, akafariki dunia tarehe 30 Septemba 2024. Katika misimu 18 ya mpira wa kikapu wa kulipwa nchini Marekani, tangu mwaka 1991 hadi 2009, alizuia mitupo 3,289 ya wapinzani wake. Katika orodha rasmi ya NBA, yaani chama kikuu cha mchezo huo nchini humo, aliyemtangulia ni mmoja tu: Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliyezuia mitupo 3,830. Nafasi mbili za kwanza zimeshikwa na wana wa Afrika, na ni haki ya Wakongomani kujivunia jambo hilo.

Hata hivyo, anayeisoma orodha hiyo tangu mwanzo hadi mwisho hatalikuta jina la Bill Russell. Huyu aliichezea Boston Celtics kuanzia mwaka 1956 hadi 1969, akatwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, na sifa yake kubwa ilikuwa ulinzi. Si kwamba hakuzuia mtupo hata mmoja. Alistaafu mwaka 1969, na chama kilianza kuhesabu mitupo inayozuiwa katika msimu wa 1973-1974.

Basi, wapenzi wa mchezo wanapouliza nani alikuwa bora kati ya mchezaji wa jana na wa leo, swali lao ni swali la historia kabla ya kuwa swali la michezo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tarakimu za wachezaji ni hati kama hati nyingine: zina mwandishi, zina wakati wake, na zina kimya chake. Asiyejua zilivyoandikwa hawezi kuzilinganisha.

1. Mchezo mmoja, kanuni nyingi

Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, mwezi Desemba 1891. Ligi iliyozaa NBA ilianzishwa mwaka 1946, na jina hilo likaanza kutumika mwaka 1949. Katika miaka hiyo ya mwanzo timu iliyotangulia kwa pointi iliweza kuushikilia mpira muda wote iliotaka. Tarehe 22 Novemba 1950, timu ya Fort Wayne iliishinda Minneapolis kwa pointi 19 dhidi ya 18, na watazamaji walilipa kiingilio kuangalia watu wasiotaka kucheza.

Dawa ilipatikana mwaka 1954. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alifanya hesabu nyepesi. Mchezo mzuri huwa na mitupo 120 hivi kwa timu zote mbili. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya, utapata 24. Tangu hapo kila timu ilipewa sekunde 24 za kutupa mpira. Wastani wa pointi za timu ulipanda kutoka 79.5 msimu uliotangulia hadi 93.1. Wachezaji hawakuwa wamejifunza ufundi mpya kati ya msimu mmoja na mwingine; kilichobadilika ni kanuni.

Katika msimu wa 1961-1962 mbio hizo zilikuwa zimefika mbali. Timu moja ilitupa mpira wastani wa mara 107 hivi kwa mchezo, hali katikati ya miaka ya 1990 ilitupa mara 80 hivi. Ni katika msimu huo wa 1961-1962 Wilt Chamberlain alipopata wastani wa pointi 50.4, na tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, akafunga pointi 100 katika mchezo mmoja. Kumweka Chamberlain kando ya Michael Jordan, mwenye wastani wa pointi 30.1 katika maisha yake yote ya uchezaji, bila ya kutaja wingi wa mitupo ya kila zama, ni sawa na kulinganisha mavuno ya mashamba mawili bila ya kuuliza ukubwa wake.

Mfano wa Russell na Mutombo unadhihirisha zaidi. Katika msimu huo huo Russell alidaka wastani wa mipira 23.6 iliyokosa kikapu. Mutombo aliongoza ligi katika msimu wa 1999-2000 kwa wastani wa mipira 14.1. Kwa macho ya haraka Russell anaonekana kumzidi kwa mbali. Lakini zama za Russell timu ilidaka wastani wa mipira 71 kwa mchezo, na zama za Mutombo mipira 43 hivi. Ukigawanya, kila mmoja wao anapata takriban theluthi moja ya fungu la timu la wakati wake. Tofauti iliyoonekana kuwa ya watu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tofauti ya nyakati.

2. Nani aliruhusiwa kucheza?

Kanuni za uwanjani si zote. Kuna pia kanuni za mlangoni. Kabla ya mwaka 1950 hakuna mchezaji Mweusi aliyecheza katika NBA. Mwaka huo Chuck Cooper, Nat Clifton na Earl Lloyd waliingia, na tarehe 31 Oktoba Lloyd akawa wa kwanza kushuka uwanjani. Lakini Weusi walikuwa wakicheza mpira wa kulipwa zamani: timu ya New York Renaissance iliyoanzishwa Harlem mwaka 1923 ilishinda mashindano ya dunia ya timu za kulipwa mjini Chicago mwaka 1939. Ushindi huo haumo katika hesabu za NBA, na mafundi wake hawatajwi katika orodha zinazoitwa za wakati wote.

Russell alipoingia mwaka 1956 ligi ilikuwa na timu 8 tu; Mutombo alipoingia mwaka 1991 zilikuwa 27. Hoja hii ina makali pande mbili. Mtetezi wa wazee atasema kwamba katika timu 8 hapakuwa na nafasi ya mchezaji dhaifu, na kwamba Russell na Chamberlain walikutana mara nyingi kila msimu. Mtetezi wa vijana atajibu kwamba timu hizo 8 zilichota wachezaji wao karibu wote kutoka nchi moja, hali Mutombo alipambana na Olajuwon wa Nigeria na wengine waliotoka Ulaya. Wote wawili wanasema kweli. Kosa ni kuishika kweli moja na kuificha nyingine.

3. Kimya cha daftari

Turudi sasa kwenye mitupo iliyozuiwa. Tarehe 28 Oktoba 1973, katika mwezi wa kwanza kabisa wa hesabu hiyo, Elmore Smith wa Los Angeles alizuia mitupo 17 katika mchezo mmoja. Zaidi ya miaka 50 ilipita bila ya mtu kuifikia idadi hiyo. Je, yamkini tendo kubwa kuliko yote liliisubiri kalamu, likatokea mara tu ilipoanza kuandika? La busara zaidi ni kukubali kwamba mengine makubwa yalitokea kabla, mbele ya watu waliokuwa na macho lakini hawakuwa na safu ya kuyaandikia.

Kimya hicho kinagusa hata tuzo. Tuzo ya mlinzi bora wa msimu ilianza mwaka 1983. Mutombo aliipata mara 4, yaani 1995, 1997, 1998 na 2001. Russell hakuipata kamwe, kwa kuwa haikuwako. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianza mwaka 1969, mwaka aliotwaa ubingwa wake wa mwisho, ikapewa Jerry West wa timu iliyoshindwa. Mwaka 2009 chama kiliipa tuzo hiyo jina la Russell, ambaye mwenyewe hakuwahi kuishinda.

Je, wasioandikwa waachwe? Wanahistoria wa Afrika wamekwisha kulijadili swali hili. Jan Vansina, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakuba, alitoa mwaka 1961 kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo, akionyesha kwamba ushuhuda wa mdomo unaweza kupimwa kama hati: nani alisema, aliona nini, alikuwa na faida gani kusema hivyo. Kipimo hicho kinafaa hapa pia. Pointi 100 za Chamberlain hazina filamu. Zinaaminiwa kwa karatasi ya hesabu, sauti ya redio ya robo ya mwisho, na maneno ya waliokuwako. Ulinzi wa Russell hauna karatasi, lakini una mashahidi wengi, wakiwamo wapinzani ambao hawakuwa na faida ya kumsifu.

Wala karatasi, ilipopatikana, haikusema yote. Russell alisifiwa kwa kuugusa mpira taratibu ili umwendee mwenzake. Mutombo, baada ya kuupiga mbali, alimtikisia mpinzani kidole: hapa hupiti. Aliyehitimu katika isimu na diplomasia katika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1991 alijua uzito wa ishara. Daftari la hesabu halioni kidole, wala halijui mpira ulikwenda wapi. Kwake kila mtupo uliozuiwa ni mmoja.

4. Linganisho linalowezekana

Yaliyotangulia hayamaanishi kwamba kulinganisha ni kazi bure. Yanadai masharti matatu. La kwanza, mchezaji apimwe kwanza kwa wenzake wa zama zake. La pili, kanuni zitajwe. Kareem Abdul-Jabbar alimaliza mwaka 1989 akiwa na pointi 38,387, na katika misimu 20 alifunga mtupo mmoja tu wa pointi tatu, aina ya mtupo ulioingizwa NBA mwaka 1979. LeBron James, aliyempita tarehe 7 Februari 2023, amefunga zaidi ya 2,000. Zaidi ya hayo, Abdul-Jabbar alitumia miaka minne chuoni kabla ya kulipwa, hali James aliingia mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 18. La tatu, iulizwe kama mchezaji mwenyewe aliigeuza kanuni. Eneo lililo mbele ya kikapu lilipanuliwa kutoka mita 1.8 hadi 3.7 mwaka 1951 kwa sababu ya George Mikan, na hadi mita 4.9 mwaka 1964 kwa sababu ya Chamberlain. Sheria ikibadilishwa ili kumpunguza mtu mmoja, huo nao ni ushahidi wa kimo chake, ingawa hauna tarakimu.

Hitimisho

Mutombo ni wa pili miongoni mwa waliohesabiwa tangu mwaka 1973. Kuongeza maneno hayo machache hakumpunguzii heshima. Kunaifanya heshima yake isiweze kupingwa. Anayesema kwamba ni wa pili tangu mchezo uanze anamfuta Russell kwa sababu tu hakuandikwa. Na kwa Wakongomani kosa hilo si geni: mara ngapi wameambiwa kwamba babu zao, kwa kuwa matendo yao hayakuandikwa, hawakutenda kitu? Aliyewahi kuikataa hoja hiyo kwa ajili ya babu zake hana budi kuikataa hata pale inapompa mwana wa nchi yake nafasi ya juu. Safu iliyo tupu katika daftari si sifuri. Ni mahali ambapo kazi ya mwanahistoria inaanza.