Gabriel Kyungu wa Kumwanza

Antoine Gabriel Kyungu wa Kumwanza (1938 – 21 Agosti 2021) alikuwa mwanasiasa wa Katanga na mwenyekiti wa UNAFEC, chama kinachotetea mfumo wa shirikisho nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wafuasi wake wa Lubumbashi walimwita Baba. Wakasai wengi, yaani watu wenye asili ya eneo la Kasai, wanamkumbuka kwa namna nyingine kabisa.

Alijulikana nchini kote mwaka 1980, alipokuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Rais Mobutu barua ya wazi ya kurasa 52 kulaumu utawala wake. Barua hiyo iliwaletea kifungo na kuhamishiwa vijijini kwa nguvu. Mwaka 1982 wenzake hao, Étienne Tshisekedi akiwemo, waliasisi chama cha upinzani cha UDPS, na Kyungu akawa miongoni mwao. Kuandika vile chini ya chama kimoja kulihitaji ujasiri wa kweli.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1990, alijitenga na Tshisekedi akaungana na Mkatanga mwenzake, Nguza Karl-i-Bond, katika chama cha UFERI. Nguza akawa waziri mkuu mwishoni mwa 1991, na Kyungu akashika ugavana wa Shaba, jina la Katanga wakati ule. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza, na hasira ya kisiasa ikageuzwa kuwa vita dhidi ya majirani. Wakasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, na vijana wa JUFERI, tawi la vijana la UFERI, wakawashambulia na kuwatoa majumbani. Wengi wa Wakasai hao walizaliwa hapohapo, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioajiriwa na kampuni ya migodi ya Union Minière na ile ya reli enzi za Wabelgiji. Huko Likasi na Kolwezi, familia zilipiga kambi kwenye vituo vya reli miezi mingi zikingoja treni ya kwenda Kasai, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waliong'olewa walikuwa mamia ya maelfu. Gavana ndiye aliyekuwa akihutubia mikutano ya kuwachochea vijana, kwa hiyo lawama hii haiwezi kuachiwa Mobutu peke yake, ingawa mgawanyiko wa wapinzani ulimfaa sana. Desemba 1993 Kyungu alitangaza mamlaka ya ndani ya jimbo na kulirudishia jina la Katanga. Aliondolewa ugavana mwaka 1995.

Baada ya uchaguzi wa 2006 aliongoza bunge la jimbo la Katanga, katika kambi ya Rais Joseph Kabila, wakati Moïse Katumbi akiwa gavana. Alipinga vikali kugawanywa kwa Katanga, jambo lililotekelezwa mwaka 2015 na kuzaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Septemba mwaka huohuo UNAFEC na vyama vingine sita, kundi la G7, vilimwonya Kabila asijiongezee muda kinyume cha katiba, vikatimuliwa katika kambi yake. Machi 2016 G7 ilimteua Katumbi kuwa mgombea wake wa urais. Hivyo, akikaribia miaka 80, Kyungu akawa sauti kubwa ya upinzani Lubumbashi, na polisi wakaizingira nyumba yake mara kwa mara.

Chini ya Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, aliwekwa kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC, shirika la reli lenye makao yake Lubumbashi. Alifariki Luanda, Angola. Hakuna mahakama iliyowahi kumhukumu kwa yaliyowapata Wakasai.