Mwaka wa Nzige

Bibi yangu hajui alizaliwa mwaka gani. Ukimuuliza anakwambia, "Mwaka wa nzige," kisha anaendelea kupepeta mchele wake kama mtu aliyekwisha kujibu. Kijana mmoja aliyepita kwetu Ilemba na fomu za vitambulisho alimuuliza mara mbili, akapata jibu lilelile, akaandika 1940. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, nimesimama mlangoni, na niliona aibu. Nilimwonea aibu Bibi.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa London. Muhula wa kwanza mwalimu alitutaka kila mmoja alete ramani ya zamani ya mahali anapopafahamu. Nilitafuta Rukwa, nikaikuta ndani ya kitabu cha nzige. Bonde letu lote limetiwa rangi na kuandikwa kuwa ni chimbuko la nzige wekundu. Ilemba haimo. Hakuna kijiji hata kimoja, wala njia inayoshuka kutoka Sumbawanga. Tumezoea: mwaka 1880 Joseph Thomson alifika kwenye ziwa letu akaliita Leopold, jina la mfalme wa Ubelgiji, kana kwamba watu waliokuwa wakivua humo hawakuwa na namna ya kuliita.

Kuhusu nzige, hata hivyo, kitabu hakikusema uongo. Ziwa Rukwa halina mto unaotoa maji yake. Mvua zikizidi hufurika, zikipungua hurudi nyuma na kuacha mbuga pana ya majani, na humo nzige wekundu hutaga mayai wakati wa masika. Tunutu, yaani wale wachanga wasio na mabawa, hukulia hapohapo. Karibu na mwaka 1930 walitoka kwetu na kwenye vinamasi vya Mweru wa Ntipa, Zambia ya leo, wakasambaa mpaka Afrika Kusini. Hawakwisha hadi 1944. Mwaka 1949 serikali kadhaa zilitia saini mkataba hapahapa London, na shirika la kuwadhibiti likawekwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa.

Mtaalamu mkubwa wa mambo hayo, Boris Uvarov, mwenyewe mgeni Uingereza kutoka Urusi, alionyesha mwaka 1921 kwamba nzige mpole anayeishi peke yake na yule wa kundi linalomaliza mashamba wanaweza kuwa mdudu mmoja. Wakisongamana, hubadilika rangi na tabia. Nilisoma hayo chumbani kwangu Jumapili moja ambayo sikuwa nimezungumza na mtu tangu Ijumaa. Nilicheka peke yangu.

Darasani, mwenzangu mmoja aliuliza, bila ubaya wowote, kama kulikuwa na watu wanaoishi kwenye ile rangi. Nilijibu kwamba Bibi yangu alizaliwa humo. Mwaka gani? Nikanyamaza.

Nilipokuwa darasa la tatu, mwaka 2009, helikopta ilipita juu ya kijiji kuelekea mbugani. Tulikimbia nyuma yake tukidhani ni Rais. Kumbe FAO walikuwa wakipambana na nzige, safari hiyo kwa kuvu inayowaua wadudu hao badala ya sumu za zamani. Sisi tulizoea kuwanyofoa mabawa na miguu, tukawakaanga kwa chumvi. Bibi alitukataza kuwala msimu ule wote. Alisema kitu kinachomwagwa kutoka juu hakiulizwi jina, kinaachwa.

Basi nikampigia, kwa simu ya shangazi. Nikamweleza kwamba nzige walikaa karibu miaka kumi na mitano, kwa hiyo anaweza kuwa na miaka themanini na kitu au tisini na kitu. Ile 1940 ya yule kijana, nikaongeza kwa shingo upande, inawezekana kabisa.

"Mume wangu," akasema, "mwaka wa nzige ni ule walipokula shamba la mama."

Akanisimulia, kwa mara ya kwanza, maana sikuwahi kumuuliza. Mama yake alikuwa amembeba mgongoni, anapiga debe katikati ya mtama. Walianza asubuhi, jua lilipofika utosini mabua yalikuwa matupu. Baba yake akapandisha milima na mzigo wa samaki wakavu kwenda kwa ndugu wa juu, akarudi na ulezi baada ya siku nyingi. Kaka yake mkubwa hakumkuta. Jina la kaka huyo nilikuwa sijawahi kulisikia, na kwenye kitabu changu chenye rangi na takwimu halimo.

Nikaandika yote. Mwaka bado sina.

"Na huko Ulaya nzige wapo?" akaniuliza.

Nikamwambia hawapo.

"Sasa miaka mnaihesabu kwa kitu gani?"