California: Kwa nini moto wa kiangazi umegeuka kuwa janga

Asubuhi ya Novemba 8, 2018, moto ulizuka katika bonde moja kaskazini mwa California, jimbo la magharibi mwa Marekani. Katika saa chache ulikuwa umeufikia mji wa Paradise, uliokuwa na wakazi wapatao 26,000. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee wa zaidi ya miaka 65, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Mji huo umejengwa juu ya mgongo wa mlima na barabara za kutokea ni chache, hivyo baadhi ya waliokufa walikutwa wamo ndani ya magari yao. Ndio moto uliowahi kuua watu wengi zaidi katika historia ya jimbo hilo.

Lawama hutupiwa upesi ongezeko la joto duniani. Joto limo, tena sana: linakausha mimea mapema na kuurefusha msimu wa hatari. Lakini moto wenyewe si mgeni California. Mvua hunyesha miezi ya baridi, kisha kiangazi huendelea miezi mitano au sita bila tone. Ifikapo Septemba na Oktoba, nyasi zimekauka kama karatasi. Hapo huanza upepo kutoka majangwa ya bara, ambao watu wa kusini huuita Santa Ana. Unaposhuka milimani kuelekea pwani, unazidi kuwa mkavu, moto na wa kasi.

Wenyeji wa asili, kama vile Wakaruk na Wayurok wa kaskazini, walijua kuishi na hali hiyo. Walichoma misitu kidogo kidogo kwa nyakati walizozichagua. Msomaji anayetoka kwenye misitu ya miombo ya Tanzania anaujua mtindo huo: nyasi huchomwa mapema, zikiwa bado na unyevu, ili kiangazi kikikolea moto ukose cha kula. Mwaka 1850 jimbo lilipitisha sheria iliyoadhibu uchomaji wa nyika. Mwaka 1935 idara ya misitu ya Marekani ikaweka lengo kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii, na matokeo yake ni misitu iliyosongamana miti midogo na matawi makavu. Mwaka 2020, radi zisizo na mvua zilipowasha mamia ya mioto mwezi Agosti, ziliikuta akiba hiyo ya karibu karne nzima. Hadi mwaka ulipokwisha, zaidi ya ekari milioni 4 zilikuwa zimeungua. Katika moto wa mwaka huo na wa 2021 ilikufa maelfu ya misekwoya mikubwa, miti ambayo moto mdogo huisaidia kufungua mbegu zake.

Lakini maelezo hayo yanafaa kwa misitu ya kaskazini na ya milima ya Sierra Nevada tu. Hapa wanasiasa wengi huchanganya mambo. Milima inayozunguka Los Angeles imefunikwa na vichaka vigumu vya chaparali, na shida ya vichaka hivyo ni kuungua mara nyingi mno. Vikichomwa tena na tena havirudi, na mahali pake huota nyasi ngeni zinazoshika moto kirahisi zaidi. Januari 2025, baada ya miaka miwili ya mvua nyingi iliyootesha mimea, kisha miezi minane karibu mikavu kabisa, upepo wa karibu kilomita 160 kwa saa ulivuma milimani. Pacific Palisades na Altadena ziliungua kwa wakati mmoja. Majengo zaidi ya 16,000 yalipotea na watu wapatao 30 wakafa. Kukata miti msituni kusingeuzuia moto huo.

Cheche ya kwanza mara nyingi hutoka kwa binadamu. Moto wa Paradise ulianzia kwenye kulabu ya chuma iliyolika, katika njia ya umeme ya karibu miaka 100. Kampuni ya PG&E ilikiri mahakamani mwaka 2020 kosa la kuua bila kukusudia, mashtaka 84. Siku hizi kampuni za umeme huzima laini upepo unapotabiriwa, na watu wengi hukaa gizani.

Nyumba nazo zina hadithi yake. Katika Paradise misonobari mingi ilibaki imesimama, kijani, katikati ya majivu ya nyumba. Nyumba nyingi hushikwa na makaa yanayopeperushwa mbele ya moto, yakaingia kwenye matundu ya hewa ya dari au kutua kwenye majani makavu ya mfereji wa paa. Kwa hiyo kanuni za ujenzi za 2008 kwa maeneo ya hatari zinataka paa lisiloshika moto na wavu mwembamba kwenye matundu. Kanuni hizo hazizilazimishi nyumba za zamani, ambazo ndizo nyingi.

Sensa ya 2020 iliwakuta Paradise watu wasiofika 5,000. Tangu hapo wengine wamerudi, ving'ora vimewekwa, na nyaya za umeme zinafukiwa ardhini. Kinachowasumbua wengi sasa ni bima: mwaka 2023 State Farm, kampuni kubwa kuliko zote za bima ya nyumba jimboni, iliacha kupokea wateja wapya wa nyumba California.